Ejok ya Mwalimu Longor

Ukimwambia Mwalimu Longor jambo lolote, jibu lake la kwanza lilikuwa "ejok". Ukimwambia chaki zimekwisha, ejok. Ukimwambia mbuzi wa ndugu yake wameporwa kule Kapedo, ejok, halafu ndipo uso wake ulibadilika na akatafuta mahali pa kukaa. Kwa Kiturkana neno hilo ni salamu na ni jibu la salamu. Maana yake ni njema, ni vizuri. Kwake lilikuwa kama mtu mwingine anavyotikisa kichwa: nimekusikia, endelea. Sisi tuliofundisha naye tulilizoea hata tukawa hatulisikii tena.

Ninaandika habari zake sasa kwa sababu hapa Lodwar watu wameanza kusema "Longor alikuwa", na hakuna aliyewapa ruhusa ya kusema hivyo.

Alizaliwa Lokitaung, akasomea ualimu, akafundisha hesabu katika shule ya sekondari ndani ya kambi ya Kakuma. Nyumba yake ilikuwa Lodwar, karibu na mto. Alikuwa mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Baba yake alikuwa msomaji wa matumbo: mbuzi akichinjwa aliitwa ayatazame, aseme kama mvua iko njiani au maadui. Longor hakuichukua kazi hiyo, ila shule ilimpa nyingine inayofanana nayo. Yeye ndiye aliyewapima vijana waliotaka kuomba vyuo vikuu vya ng'ambo, vile vikubwa ambavyo kila anayeomba alikuwa wa kwanza kwao, na bado karibu wote hukataliwa.

Hilaire, mkimbizi wa Kongo aliyefundisha Kifaransa, hakumwachia nafasi ya kupumua. Mwanafunzi akitoka tu chumbani kwa Longor, Hilaire huyo mlangoni.

"Docteur, utumbo ya huyu inasema nini?"

"Ejok. Inasema kipindi chako kimeanza na watoto wanapiga kelele."

Tulicheka, lakini vijana waliomngojea nje hawakucheka. Longor hakuanza na alama. Alama, alisema, wote wanazo, na huko zinakokwenda hazimshangazi mtu. Alimwuliza kijana ni kitu gani alichokianza akakiacha, ni nani humletea maswali yake ya hesabu jioni, na kama angekataliwa angefanya nini siku ya pili yake. Hilo la mwisho alilisikiliza kuliko yote. Akimaliza alisema ukweli wake, polepole, na sikumbuki kama matokeo yaliwahi kumkosoa. Ndiyo maana walimwogopa. Msichana mmoja aliwahi kuniambia kwamba afadhali akataliwe na wazungu wasiomjua kuliko kukataliwa na Mwalimu Longor.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2012 akaja Pal.

Pal alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, aliyelelewa kambini tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja kabla, kwa alama ambazo shule ilizibandika ukutani, na sasa alikuwa akifundisha shule ya msingi kwa posho. Katika maelezo ambayo vyuo vile humtaka mwombaji aandike juu yake mwenyewe, wenzake wote waliandika vita. Pal aliandika foleni ya maji: jinsi madumu yanavyopangwa alfajiri badala ya watu, nani husogeza dumu la nani, na jinsi alivyowashawishi akina mama wa mtaa wake kubadilisha mpango mpaka ugomvi ukapungua. Longor aliyasoma maelezo hayo mara mbili, akanipa na mimi niyasome. Alisema yale yangemfanya mtu wa mbali anyanyue kichwa. Kisha akasema kwamba wakikaa chumba kimoja vijana ishirini wa aina ya Pal, atachukuliwa mmoja, na haoni sababu ya kuamini kwamba mmoja huyo ni Pal. Kiingereza chake cha mtihani kilikuwa chini kidogo ya kinachotakiwa. Mtihani wenyewe ulifanyiwa Nairobi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali.

Tatizo lilikuwa kwamba shirika lililowasaidia vijana hawa lilimruhusu kila mmoja mlango mmoja tu. Pal angeweza kuombewa chuo cha hapa Kenya, ambako kwa alama zake asingekosa, au angeombewa ng'ambo. Akichagua ng'ambo akakosa, ule wa Kenya unapewa mwingine. Longor alikwisha kuamua moyoni: Kenya. Akamwita mama yake Pal amweleze.

Nyaluak alikuja na kanga mpya begani, akakaa wima kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilikuwa chumbani nikisahihisha madaftari, sikutakiwa kutoka. Longor alieleza kwa utaratibu, Pal akitafsiri mahali Kiswahili cha mama yake kilipoishia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza yeye. Alisema majirani wake wamerudi kwao, nchi ni yao sasa, yeye peke yake amebaki kwa ajili ya masomo ya huyu mtoto.

"Hii ya Kenya," alisema, "atasoma, atamaliza, atarudi kambi na karatasi yake. Hii ya mbali, siku moja ataita ndugu zake. Mimi roho yangu iko kwa hii ya mbali. Sasa wewe, mwalimu, wewe unajua. Unasema aje?"

"Ejok," alisema Longor.

Alikuwa anavuta pumzi ili aendelee, niliona. Lakini Nyaluak alikwisha kusimama. Alikishika kichwa cha Longor kwa mikono miwili, akamtemea mate kidogo kwenye utosi, kama mzazi wa kwao anavyombariki mtoto, akasema maneno ya Kinuer, akatoka huku anafuta macho. Pal alisimama kidogo, akamtazama mwalimu wake, halafu akamfuata mama yake. Longor alibaki amekaa, mate yanakauka kichwani, mdomo wazi.

Kesho yake alikwenda kwa Nyaluak kusahihisha. Habari za huko alinisimulia mwenyewe. Alimkuta amekwisha kuwaambia wanawake wote bombani kwamba Mwalimu Longor amesema ni vizuri. Alimweleza kwamba lile neno lilikuwa la kumwitikia tu, kwamba uamuzi wake ni Kenya.

"Neno la kwanza ulisema na roho yako," Nyaluak akamwambia. "Hili la pili, nani amekupa?"

Kambini nafasi ni chache, na kila nafasi inapomponyoka mtu hutafutwa aliyeinunua. Longor alielewa alichoulizwa. Kama angeshikilia, angekuwa mwalimu aliyelipwa amng'oe Pal. Na kwa mazoea, mbele ya tusi lile, akasema tena ejok, akaondoka.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayeomba utabiri wake mwenyewe uumbuliwe. Alimfundisha Pal Kiingereza cha mtihani kila jioni. Mwezi wa kumi na mbili serikali ilipotangaza kwamba wakimbizi walioko mijini warudi kambini, vibali vikawa adimu, na ni Longor aliyekaa kwenye benchi za ofisi mpaka cha Pal kikatoka. Hakuniambia tena lolote juu ya nafasi za kijana huyo.

Majibu yalikuja mwishoni mwa mwezi wa tatu, baada ya uchaguzi. Vyuo vyote vilikataa, kwa maneno ya adabu. Ule mlango wa Kenya ulikuwa umefunguliwa kwa mwingine. Tulingoja Nyaluak aje shuleni kufanya fujo, na hakuja, na kutokuja kwake kulitukaa vibaya zaidi.

Mwezi wa tisa Pal alikuja kuaga. Binamu yake alikuwa amempatia kazi ya ukarani Juba. Angevuka mpaka wa Nadapal kwa lori la mizigo. Alimwambia Longor kitu ambacho Longor alikuja kunieleza jioni ile, akiwa hakuisogelea sahani ya chakula chake.

"Nilijua, mwalimu," Pal alimwambia. "Ejok nimecheza nayo na watoto wa Kiturkana tangu utoto. Nilijua umesema umesikia tu. Mama aliponiangalia, nikanyamaza."

Sijui kama Longor alipata nafuu kwa kulijua hilo. Nadhani lilimzidishia. Awali alimkosea mama peke yake. Sasa alijua kwamba kijana naye, akiwa na akili zake zote, alichagua kulikumbatia neno ambalo halikusema kitu. Muhula ulipokwisha akarudi Lodwar, na mimi pia, maana kwetu ni hapa.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili risasi zilianza Juba. Simu zilizoingia kambini zilisema watu wanabishiwa hodi na kuulizwa lugha yao mlangoni, na anayejibu Kinuer haponi. Ya Pal haikuita. Kufikia Krismasi watu walikuwa wakivuka Nadapal kwa maelfu, na Longor akawa anakwenda huko. Alipanda lori asubuhi, akasimama mpakani akitazama nyuso, akalala Lokichoggio, akarudi na macho mekundu. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho lori lilirudi bila yeye. Dereva anasema alishuka Nadapal kama kawaida, akanunua maji, na alipotafutwa wakati wa kurudi, mtu mmoja alisema amemwona akitembea kwa miguu kuelekea upande wa pili, akipishana na waliokuwa wanakuja.

Asubuhi ya safari hiyo nilikutana naye hapa Lodwar penye malori, shati limepigwa pasi. Nilimwambia ninakwenda Kakuma kesho, kama ana salamu za kumpelekea Nyaluak. Alikuwa na mguu mmoja kwenye gurudumu.

"Usimwambie nimekwenda mpakani," alisema. "Atadhani nimesikia kitu."