Mama Vigae kwenye Kigae cha Tatu

Wanafunzi walimwita Mama Vigae kwa sababu somo la uwezekano hakulifundishia ubaoni. Aliwatoa darasani, akachora sifuri kwa chaki kwenye kigae cha katikati ya ushoroba, akamkabidhi mmoja sarafu. Ikilala picha juu, unasogea kigae kimoja kulia. Ikilala namba, kimoja kushoto. "Hatua kumi," alisema. "Utaishia wapi?"

Msimu ule nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake. Tatizo hili nimelisikia likielezwa kwa lugha nne, na katika zote anayetembea ni mlevi anayetoka baa. Mama Vigae hakumtaka mlevi.

"Mlevi ana anakokwenda," aliniambia akimenya vitunguu. "Mtu wangu hana. Ndiyo maana namhurumia."

Mwalimu wa chumba cha jirani hakumhurumia mtu. Alilalamika kwa mkuu wa shule kwamba watoto wanarusha sarafu kama wacheza kamari. Mkuu akamwita mkaguzi aje Alhamisi. Somo lisiporidhisha, kidato cha mwisho kingepewa mwalimu mwingine. Mama Vigae alikuwa amewalea wale watoto tangu hawajui hata kugawanya sehemu. Wiki ile alitia chumvi kwenye chai mara mbili, na sisi tukainywa hivyohivyo.

Jumatano jioni alimsimamisha mumewe, kinyozi, kwenye sakafu ya jikoni.

"Tembea, baba."

"Mke wangu, nimesimama saluni tangu asubuhi. Si utembeze vikombe?"

"Vikombe havinibishii. Nataka wa kunibishia."

"Basi nabisha. Kulia na kushoto ni nusu kwa nusu, kwa hiyo nitarudi nilipoanzia. Nipe chai yangu, isiyo na chumvi."

Akacheka, kwa mara ya kwanza siku hizo. "Kurudi ulipoanzia unahitaji picha tano na namba tano. Njia za kuzipanga ni mia mbili hamsini na mbili, na njia zote ni elfu moja ishirini na nne. Kama robo hivi."

"Yaani mara tatu kati ya nne sitafika nyumbani?"

"Na bado hapo ndipo unapopatikana kuliko kigae kingine chochote."

"Hilo ndilo nililokuwa nikimweleza mama yako miaka yote!"

Alhamisi nilimbebea ubao mdogo, na hivyo nikapata pa kusimama. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega, aliketi mwisho wa ushoroba. Kwa wasiwasi, Mama Vigae akafanya jambo asilowahi kufanya. Alimpa mwanafunzi sarafu, akasema, "Leo natembea mimi."

Sarafu ikarushwa, naye akasogea huku na huku, viatu vikigonga. Safari moja sarafu ilimponyoka mrushaji, ikabiringika hadi chini ya kabati. Vijana wakalala kifudifudi, wakaichungulia, wakaitoa, urushaji ukaendelea. Baada ya mrusho wa kumi alikuwa amesimama kigae cha tatu upande wa kulia.

"Tatu," alisema, akanyoosha mkono apokee chaki.

"Samahani, mwalimu." Alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyokaa darasani ameinamisha macho, haongei kamwe. "Hapo huwezi kusimama."

Ushoroba mzima ukacheka. "Nimesimama, mwanangu. Tazama viatu."

"Viatu naviona. Lakini hatua za kulia na za kushoto jumla yake ni kumi. Tofauti yake ukisema ni tatu, basi za kulia mara mbili ni kumi na tatu. Kumi na tatu utaigawanyaje? Ukate hatua katikati?"

Mama Vigae akatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nimekosea," alisema taratibu. "Wapi?"

"Sarafu ilipoingia chini ya kabati. Ilikuwa namba. Hukusogea."

Akasogea kushoto kigae kimoja. "Haya, nipo cha pili. Nimefikaje?"

"Picha sita, namba nne!" Sasa wote walikuwa wanapiga kelele, wengine wameegemeza madaftari ukutani. "Njia mia mbili na kumi, mwalimu! Kama moja ya tano!"

Watoto walipotawanyika, mkaguzi alimsogelea. "Lile kosa ulilipanga?"

Mlango rahisi ulikuwa wazi mbele yake. Nilitamani apite.

"Hapana," alisema. "Niliogopa, nikapoteza hesabu."

Mkaguzi akafunika kalamu yake. "Ungesema ndiyo, ningeandika kwamba yule binti alikariri. Endelea na darasa lako."

Mumewe alifunga saluni mapema. Tulimkuta mlangoni, taulo bado begani.

"Wamekuachia?"

"Bibi Harusi kaongea!"

"Nakuuliza darasa, mama."

"Na mimi nakujibu darasa! Kaongea, mbele ya mkaguzi, tena ananikosoa mimi, na mantiki yake imenyooka hivi." Akaketi kizingitini, akavua viatu, huku anacheka na kufuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Kinyozi akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, wamemwachia. Akashusha pumzi, akaketi pembeni ya mkewe. "Haya. Anza mwanzo. Huyo binti alisemaje?"