Kiti cha Mama Nekesa

Nakumbuka gari moja, mwanangu, lililonifunza kazi hii kuliko miaka yote niliyoshika spana. Nilikuwa kijana mwenye gereji yangu Kitale, na sifa zilikuwa zimenivimbisha kichwa.

Mzee Wekesa, mwalimu mstaafu wa Bungoma, alilileta likiwa limeinama upande mmoja. Magari ya aina ile ndiyo kwanza yalianza kufika kwetu kutoka ng'ambo. Halikuwa na springi za chuma. Lilikalia mifuko minne ya mpira yenye hewa, na kompyuta ndogo iliongeza au kupunguza hewa kufuatana na barabara. Sikuwa nimewahi kugusa gari la namna hiyo. Nikamwambia, "Wacha gari, mzee. Kesho iko sawa."

Niling'oa mifuko yote nikafunga springi za pikapu. Taa ya onyo ilipokataa kuzimika, nikaitoa balbu yake. Ndiyo, mwanangu, nilifanya hivyo, na hata nikajipongeza. Mifuko nikampa mtu wa vyuma chakavu wa Kipsongo.

Wiki iliyofuata mzee alirudi. Hakufoka. Alinifungulia mlango wa nyuma.

"Kaa hapo, kijana. Hapo ndipo mama hukaa."

Akaniendesha hadi Kiminini na kurudi, polepole, katika yale mashimo yote. Kila shimo nililisikia hadi shingoni. Tulipofika aliniambia kwamba mkewe, Mama Nekesa, alikuwa amepasuliwa mgongo. Gari lile walilinunua kwa sababu ndani yake aliweza kwenda kliniki bila kulia.

"Hii mifuko ya hewa uliijua?"

"Hapana, mzee."

"Si ungesema tu? Ningetafuta mwenye anajua."

Nilikimbia Kipsongo. Mifuko ilikuwa imeshakatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye baiskeli, na mingine haikupatikana nchini. Mama Nekesa hakupanda lile gari tena, na kliniki akaiacha. Niliona aibu, na bado ninayo.

Magari yanakuja na mambo mapya kila mwaka, mwanangu, nawe utaletewa usilolijua. Sema hujui, hata kama mteja ataondoka. Na kabla hujafungua nati ya kwanza, uliza ni nani hukaa ndani. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayepanda gari ulilolishika afike kwake bila maumivu.