Kitabu cha Fortran Kilichonuka Majani ya Chai

Hadi leo nikifungua pakiti mpya ya majani ya chai, harufu ile ya kwanza hunirudisha kwenye stoo ya shule yetu, nje kidogo ya Kericho, miaka ya sabini.

Kaka yangu Wafula alikuwa amepata kazi Nairobi, kwenye ofisi yenye kompyuta. Alipokuja likizo alinifundisha Fortran, lugha ya kuipa kompyuta maagizo, kwa penseli, tumekaa jikoni, mvua ya alasiri ikipiga mabati ya kambi ya wafanyakazi wa chai tulikoishi. Nikamuuliza, sasa mashine inaelewaje maneno haya? Akakuna kichwa.

"Kuna kitabu cha hiyo. Kitafute. Nikirudi Desemba tutaongea."

Tutaongea! Mimi, ambaye niliongea na shajara tu. Wenzangu bwenini walipiga stori kwa Kipsigis, nami, Mluhya mwenye haya, nilicheka walipocheka.

Mwenye duka la vitabu mjini alinitazama juu ya miwani. "Fortran? Hiyo si dawa ya kupe? Jaribu duka la wakulima, mama."

Wateja wakaangua kicheko. Nilitoka bila kuaga.

Nikaja kukipata pale pale shuleni. Vitabu vya msaada kutoka ng'ambo viliwekwa stooni kwenye masanduku ya chai, yale ya mbao nyembamba yenye karatasi ya rangi ya fedha ndani. Chini kabisa, chini ya vitabu vya nyimbo, kililala: jinsi ya kuunda kompaila ya Fortran, yaani programu inayoitafsiri Fortran kuwa lugha ya mashine. Mwalimu akasema nikae nacho tu, nani mwingine angekitaka? Kilieleza polepole, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Jumapili wenzangu wakienda kutembea, mimi nilibaki nacho, vumbi la chai likinishika vidoleni.

Desemba nilimweleza Wafula yote. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo. Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Kumbe," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Nekesa, niazime."

Akaondoka nacho kabla ya mwaka mpya. Nililia: alisema tutaongea, na niliongea peke yangu.

Nilikuja kuelewa nilipoajiriwa mwenyewe, nikakaa kati ya watu wanaotikisa vichwa kwa mambo wasiyoyajua. Kaka naye hakujua mashine inaelewaje maneno yale. Na kule Nairobi kote, hakuwa na mtu wa kumuuliza.