Mafuta ya Sikukuu ya Kutabaruku

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nguruwe yakiungua, hata kama ni kwa jirani wa tatu, nafunga dirisha. Wajukuu wangu wanadhani ni ushirikina wa kizee. Sina ushirikina wowote. Nina kichefuchefu tu, nacho nilikipata Ifakara miaka ya hamsini, nikiwa mke mpya, tena ndani ya nyumba ya sala.

Kwetu ni Mahenge, Wapogoro, Wakatoliki tangu babu. Baba alinikataza kuolewa na kijana wa Ifakara kwa kuwa ukoo wake haukuwa wa kanisa letu. Nikaolewa hivyo hivyo. Siku ninavuka mto kwa pantoni alinitumia neno kwamba nikiachika nisigonge mlango wake. Kwa hiyo nilifika kwa wakwe zangu sina pa kurudi, na wao walilijua hilo vizuri.

Wakwe zangu walikuwa katika kikundi cha familia chache walioamini kwamba Yesu ndiye Masihi wa Wayahudi, na kwamba anayemfuata inafaa ashike sikukuu alizozishika yeye. Mambo hayo aliyaleta mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Wakati wa vita alikuwa askari, akapelekwa Palestina kulinda maghala, na huko akazoeana na familia ya Wayahudi waliomwamini Yesu. Akarudi na koti la jeshi, kikohozi, na sikukuu. Kwa mafundisho yake hatukula nguruwe, wala samaki asiye na magamba. Sasa mwambie mtu wa bonde la Kilombero asile kambale! Lakini tuliacha.

Sikukuu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kutabaruku, ile ya taa, mwezi wa Desemba. Mwalimu aliieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Zamani mfalme mpagani aliliteka hekalu la Yerusalemu, akalitia najisi, wakachinjwa nguruwe juu ya madhabahu. Wayahudi wakapigana, wakalirudisha, wakalisafisha, wakaliweka wakfu upya. Mafuta safi yaliyobaki yalikuwa ya siku moja, nayo yakawaka siku nane. Ndiyo maana tuliwasha vitaa vinane vya udongo, kila jioni kimoja kikiongezeka, na juu yavyo kikawekwa cha tisa kilichoitwa mtumishi, ambacho kazi yake ni kuviwashia vingine. Mwalimu alisema huyo mtumishi ndiye Masihi, anainama kwa mdogo, anampa moto, na moto wake mwenyewe haupungui. Akatukumbusha pia kwamba Yesu alitembea hekaluni siku za sikukuu hiyo hiyo, wakati wa baridi. Alilitamka neno baridi huku jasho likimchuruzika mpaka kwenye ukosi wa lile koti.

Maneno ya mtumishi yalinigusa. Niliipenda sikukuu kabla sijaiona, na waliponipa kazi ya mafuta nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Ilikuwa ni lazima yawe ya ufuta, yasiguswe na kitu kingine. Nilitwanga ufuta wa mavuno yale peke yangu, nikauchemsha, nikaengua mafuta kidogo kidogo kwa kijiko, nikayachuja kwa kitambaa kipya mpaka yakawa maangavu. Mikono ilitoka malengelenge. Yakajaa kibuyu. Mwalimu akakichukua kwake, akakiombea, akakiweka juu ya dari yake kingoje Desemba.

Jioni ya kwanza tulikaa wote kwenye nyumba ya sala, wanaume kulia, sisi kushoto. Mwalimu alimimina mafuta mwenyewe. Nilishangaa kuyaona mazito, yana weupe kama uji uliolala. Akawasha mtumishi, kwa mtumishi akawasha kingine, na baada ya muda mfupi nyumba nzima ikanuka nyama ya kukaanga.

Nasema nyama. Si uvundo. Ni ile harufu tamu, ya chumvi, inayokujia ukipita nyumba ya wawindaji siku wamemuua nguruwe pori aliyewamalizia mahindi. Watoto wakaanza kumeza mate. Mzee mmoja tumbo lilimnguruma tukasikia wote. Tuko kwenye sala ya kukumbuka hekalu kutakaswa unajisi wa nguruwe, na tunawasha nguruwe, na midomo imejaa maji! Ningecheka, kama macho yote yasingenigeukia mimi.

Mwalimu hakuuliza. Alininyooshea kidole. "Binti, Mahenge kwenu mnakula nini?"

"Shikamoo Mwalimu," nilisema, maana sikuwa nimemwamkia jioni ile. "Mafuta niliyokuletea yalikuwa ufuta mtupu. Yalikuwa maangavu. Na yamekaa kwako."

"Unataka kusema najisi imetoka nyumbani kwangu?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza ukucha wa kidole chake gumba. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, anachunguza ukucha! Nilimwona mdogo siku hiyo, na sijui kama aliwahi kukua tena machoni pangu.

Wazee wakakata shauri pale pale. Mafuta mengine yatafutwe. Mimi nikae nje jioni zote zilizobaki, na siku ya nane niingie, nipige magoti nikiri, nisamehewe. Nisipokiri, pantoni ipo.

Nikakaa nje, kwenye kigogo, chini ya upenu, mvua ndogo ikinirukia miguuni na mbu wa Ifakara wakifanya yao. Kila jioni niliusikiliza mkono wa Mwalimu ukifungua kitabu, na kila jioni alisoma habari ile ya Yesu kutembea hekaluni, kisha akafunga. Hakuendelea. Mimi masista wa Mahenge walinifundisha kusoma, namshinda hata mume wangu, na kitabu nilikuwa nacho nyumbani. Nilijua kinachofuata. Wale wale waliokuja kushangilia hekalu safi waliokota mawe wampige Yesu. Hiyo ndiyo maana ya sikukuu ambayo Mwalimu aliificha kila jioni, nami nilikuwa nimekaa ndani yake na nguo mbichi.

Asubuhi ya siku ya tano nilimkuta mke wa Mwalimu kisimani. Alikuwa mama mpole, mnene wa mikono, aliyezoea kunipa ndizi. Alitua ndoo, akaangalia njia, kisha akalia.

"Mwanangu, mafuta yako tuliyala."

"Mliyala na nini, mama?"

"Na kambale. Anapenda kambale huyu baba. Tangu kiangazi ananiambia kaanga, kaanga. Kibuyu kikaisha. Juzi juzi akaniambia nikijaze, nijue mwenyewe cha kujazia. Ufuta haukuwepo kwa mtu. Mwindaji wa kule bondeni akanipa shahamu ya nguruwe pori."

"Na Mwalimu alijua ni shahamu?"

"Alitia kidole akaonja." Akanishika mikono. "Usiseme, mwanangu. Unamwona mbele za watu tu. Ukisema, mimi ataniua. Nakuomba kwa Masihi."

Akavuta khanga begani kidogo nikaona pale alipopigwa zamani, pamekunjamana. Nikageuza uso. Nilitaka kumtukana na nilitaka kumfunika. Hakuna lolote nililofanya, nilimtwisha tu ndoo yake akaenda.

Siku zile tatu sikula vizuri. Kila nikipitisha tonge naona kidole cha mzee kinaingia kwenye kibuyu, kinatoka kinang'aa, kinakwenda mdomoni. Kisha naona kidole hicho hicho kimenielekea mimi. Nikisema ukweli, mwanamke mwenzangu anavunjwa. Nikikataa kukiri, napandishwa pantoni niende kwa baba aliyefunga mlango. Mume wangu usiku alinibembeleza: "Piga magoti tu, mke wangu, yaishe." Yaishe! Alisema kana kwamba ni mvua.

Jioni ya nane vitaa vyote vinane viliwaka, na mtumishi juu yake, kwa mafuta ya nazi waliyoyapata dukani. Vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Vilikuwa vizuri hasa, na ukuta wa udongo ulikuwa mwekundu kwa mwanga wake. Wakaniita. Niliingia na matope miguuni, nikapita katikati ya watu niliowapikia, nikapiga magoti mbele ya Mwalimu.

"Unakiri?"

Nilimwangalia mkewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Nakiri," nikasema.

Mwalimu akaweka kiganja kichwani pangu. Kilikuwa na joto, na chini ya sabuni nilisikia harufu ya kambale, nawaapia, au labda nilikwisha kuwa mtu wa kusikia kambale kila mahali. Akatangaza kwamba Masihi, mtumishi wa wote, amenisamehe kwa kinywa chake. Watu wakaitikia amina. Katika sauti zote nilitambua ya mkewe. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Niliwahi mlango. Nilitapika nyuma ya nyumba ya sala, nimeshika ukuta, nikatapika mpaka nyongo, na nilipoona imekwisha nikakumbuka ule mkono kichwani nikaanza upya. Mama mkwe alinifuata na kitaa mkononi kuona kulikoni. Akanimulika. Akanitazama tumboni, kisha akapiga kigelegele.

Wanawake wakamwitikia toka ndani, wakatoka, wakanizunguka, mume wangu akaja anatabasamu. Mwalimu alisimama mlangoni akainua mikono, akawaambia waone jinsi Mungu anavyombariki mara moja mwanamke aliyetakaswa.

Sikuwa na mimba.