Sato Waliofungwa kwa Gazeti

Nilipoanza kazi jikoni katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Geita, nilikuwa mjane wa miaka thelathini na moja na sijawahi kuona friza. Kwetu Kagongwa samaki alifika akiwa amekaushwa, ukitaka kumla unamloweka. Hapo shuleni, kila Jumamosi lori lilitoka Nkome, kando ya ziwa, na sato wabichi. Tuliwapara magamba, tukawatoa matumbo, tukawagandisha wakingoja Ijumaa, kwa sababu shule ilikuwa ya masista na Ijumaa nyama haikuliwa.

Mpishi mkuu alikuwa mzee wa Kisukuma, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko jiko lenyewe. Barafu aliiita "balafu". Mimi pia niliiita hivyo, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza.

Kila samaki alitiwa kwenye mfuko wake wa nailoni. Zama hizo nailoni ilikuwa adimu kama sabuni, hivyo mifuko tuliiosha na kuianika kwenye kamba nyuma ya jiko. Iliyotoboka tuliitupa shimoni. Upepo wa kiangazi uliitoa shimoni na kuipeleka ulikotaka: kwenye miiba, kwenye mihogo ya watu, hata kwenye mlango wa kanisa.

Asubuhi moja jirani yetu, bibi mmoja mfugaji, alikuja jikoni na mfuko mkononi. Ulikuwa umetafunwa ukawa kama kamba.

"Mwangaluka, mayu," mpishi alimsalimu.

"Mwangaluka. Nimewaletea mfuko wenu," alisema bibi. "Nimeuvuta kwenye koo la ndama wangu. Nilivuta, nikavuta, nikadhani natoa utumbo."

Sista mkuu alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Alimwomba bibi radhi, akatutuma tuokote nailoni zote mpaka barabarani. Tuliporudi, miiba imetuchana miguu, alitoa amri kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mfuko utakaotupwa ovyo, na tutafute kitu kingine cha kufungia samaki.

Tulianza na majani ya mgomba. Yaliganda pamoja na samaki, na tulipoyabandua yaliondoka na nusu ya ngozi. Ndipo mpishi akakumbuka kwamba stoo ya Sista ilikuwa imejaa magazeti ya zamani mpaka darini.

"Karatasi ni mti," aliniambia. "Na mti ni jani. Tofauti iko wapi?"

Sikuiona tofauti. Tukawafunga sato wote kwa magazeti, vizuri kabisa, kama vifurushi vya dukani.

Alhamisi tuliwatoa ili wayeyuke polepole. Tulipofungua karatasi, kila sato alikuwa na maandishi tumboni. Herufi zilikuwa nyeusi, zimejipanga mistari, na hakuna neno hata moja nililoweza kulisoma.

"Kiarabu hiki?" mpishi aliuliza.

"Sijui, Mzee. Mimi nasoma Kiswahili tu."

"Basi labda ni alama za watu wa Nkome."

Tukiwa katika kutafakari hayo, akaingia Sista akiwa na bwana afya, aliyekuja kukagua jiko bila taarifa. Bwana afya alikuwa kijana mwenye kaptula iliyonyooshwa na soksi ndefu. Alimtazama samaki, akainama, akageuza kichwa upande huu na ule.

"Hebu nipeni kioo," alisema.

Nilikimbia kuleta kioo cha mpishi cha kunyolea ndevu. Bwana afya akakiweka mbele ya samaki, na pale pale maandishi yakanyooka.

"'Wananchi wametakiwa kuongeza juhudi katika…'" alisoma kwa sauti, kisha akamgeuza samaki. "'Katika kipindi cha pili, mabao mawili kwa moja…' Nani kafungwa? Habari imekatika kwenye mkia!"

Alimchukua sato wa pili. Huyo alikuwa na tangazo la baiskeli. Wa tatu alikuwa na matangazo ya vifo, na bwana afya alimrudisha chini kwa heshima. Mpishi sasa alikuwa amenogewa, anamshikia kioo huku akisema, "Jaribu yule mnene, bwana, yule atakuwa na mengi." Sista naye niliona amesogea karibu.

Kwenye sato wa sita jibu likapatikana. Iliyofungwa ilikuwa timu ya bwana afya.

Alisimama wima, akavuta soksi zake, na uso wake ukabadilika. "Wino si chakula!" alifoka. "Una sumu! Mnataka kuua watoto wa watu? Samaki hawa wote wazikwe!"

"Lakini bwana," mpishi alijitetea, "mechi yenyewe ilichezwa mwaka juzi."

Haikusaidia. Tulichimba shimo, tukawazika wote, na Ijumaa hiyo tulikula maharage. Sista aliyala polepole, kama mtu anayetimiza kitubio.

Hata hivyo bwana afya hakuwa mtu mbaya. Jumamosi alirudi mwenyewe kutufundisha. Alipanga sato kwenye sinia, mmoja mmoja bila kugusana, mpaka wakawa wagumu kama kuni. Kisha akachovya kila mmoja kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupozwa sana, akamrudisha kwenye friza, akamchovya tena. Samaki akavaa barafu nyembamba, inayong'aa kama kioo cha taa.

"Hiyo barafu ndiyo mfuko wake," alisema. "Inamzuia asikauke."

Mpishi alitikisa kichwa. "Unamvisha maji? Huyu alikuwa ndani ya maji tangu azaliwe, na hayakumsaidia."

Juma lililofuata mpishi alitaka kuonyesha kwamba ameiva. Akawachovya wote na kuwarundika kwenye sanduku la bati wakiwa bado wanatiririka. Ijumaa tulikuta samaki mmoja mwenye vichwa arobaini. Alilipiga lile bonge kwa nyundo mpaka wasichana wakatoka darasani kuangalia. Baada ya hapo aliwaacha kwanza mpaka barafu ikauke, na kila sanduku likafungwa kipande cha kadibodi chenye tarehe, ili wa zamani watangulie kuliwa. Nailoni zilibaki chache, za kufungia vipande vidogo vya samaki tu, na hatukuona tena mfuko kwenye mihogo.

Baada ya miezi kadhaa bwana afya alikuja tena, akachagua mwenyewe sato wa tarehe ya zamani kuliko wote. Nilimpika kwa nyanya na kitunguu. Alikula kichwa, akala mkia, akafuta mikono, kisha akaandika kwenye kitabu cha wageni na kuondoka.

Mpishi hakujua kusoma. Alinisukumia kitabu. "Nisomee, mwanangu."

Nikasoma: "Jiko safi. Samaki mzuri sana. Mpishi ana maneno mengi."

Alivuta kigoda, akakaa.

"Hapo pa maneno mengi," alisema, "rudia tena."