Wagoni ya Mwakani

Jumamosi nilikula wali katika mgahawa wa Waafrika hapa Xiaobei, Guangzhou. Kwenye meza ya jirani walikaa Watanzania wawili, mwanafunzi wa uhandisi na mfanyabiashara wa vipuri, wakizungumzia magari ya Kimarekani yanayotarajiwa kutoka: saluni za kawaida na stesheni wagoni, zile ndefu zenye nafasi ya mizigo nyuma, zote zikisukumwa na magurudumu ya nyuma.

Mwanafunzi alikuwa akisoma jarida kwa sauti, huku akichora boneti hewani kwa kidole. Ghafla akashusha mkono. Ndipo nilipoona kwamba mwenzake alikuwa ameuelekezea uso ukuta mtupu.

"Daktari kasemaje, kaka?"

"Sukari imeshamaliza macho, mdogo wangu. Hayarudi." Akapapasa meza mpaka akaligusa jarida. "Wagoni inatoka lini?"

"Mwakani."

"Basi utaendesha wewe. Mimi nitakaa pembeni, nisikie inavyosukuma kutoka nyuma."

Mwanafunzi alifunua ukurasa wa rangi. "Tuchukue rangi gani, kaka?"

Yule bwana akamsogezea jarida.

"Safari hii chagua wewe."

Nilitoka pale na macho yangu mawili mazima, na njia nzima sikukumbuka kitu hata kimoja ninachokisubiri kwa hamu kama ile.