Sindano Yangu ya Miezi Kumi na Moja

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza kwa kujitetea hatutamaliza: nilipojifundisha kushona niliamini kwamba sindano ya cherehani hubadilishwa siku inapovunjika, basi, na kwamba fundi hodari ni yule ambaye sindano yake haivunjiki. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kama nilivyojiambia mambo mengi siku zile, kwa sababu sikuwa na mwalimu (nilijifunza kwa kufumua suruali zangu mbili na kuzishona upya, hadi moja ikaishia kuwa kaptula), na anayejifundisha peke yake hana mtu wa kumwambia hapo umepotea.

Kwa hiyo sindano yangu ilikuwa na miezi kumi na moja, na aibu ya kwanza ni kwamba nilijivunia hilo. Kila jioni niliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Ncha ikianza kuwa butu niliinoa kwenye jiwe, polepole, ulimi ukiwa nje, na nikikutana na mafundi wenzangu niliwauliza kama mzaha, "Wewe umevunja ngapi mwezi huu?" Wakisema mbili au tatu, niliwahurumia.

Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa kwenye baraza ya Mama Njeri, pale Dandora. Mama Njeri ndiye aliyekuwa mwenye ploti, mama wa Kikuyu mwenye sauti ya kufika barabarani, aliyejenga vyumba vyake nane kimoja kimoja, na alinipa ile baraza kwa maneno machache tu: "Wafula, kaa hapo. Lakini siku utakayoniaibisha, utabeba mashine yako." Sikuwa na mahali pengine. Kurudi Bungoma kumwambia baba kwamba alisema kweli, kwamba mtu aliyemaliza kidato cha nne hapaswi kukaa akikanyaga cherehani, hilo nisingeweza.

Basi binti yake Njeri akapata mchumba, na Jumamosi moja watu wa mchumba wangekuja kuleta mahari. Mama Njeri akaniletea kitambaa cha krimplini, rangi ya zambarau, kile cha kuvutika ambacho kila mama alikitaka miaka ile kwa kuwa hakihitaji pasi.

"Inishike hapa, iniachie hapa," akasema akijionyesha kiunoni. "Na nitacheza, unasikia? Siku hiyo mimi nitacheza."

Nikakata vizuri (kukata najua, hata leo sioni haya kusema hivyo), lakini nilipoanza kushona ubavu wa kwanza nikaona mambo nisiyoyaelewa. Mshono ulikwenda vizuri kidogo, kisha uzi ukaruka, ukaacha nafasi ya upana wa kidole bila kushika chochote, kisha ukarudi kama hakuna kilichotokea. Na sindano ilikuwa inalia, tok, tok, tok, kama mtu anayebisha mlango. Nikalaumu uzi, nikabadilisha uzi. Nikalaumu bobini, nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Nikadhani baraza imeinama, nikaweka kadibodi chini ya mguu mmoja wa cherehani. Nikanawa mikono. Halafu nikachukua kipande cha pamba nikajaribu, na kwenye pamba mshono ukatoka safi kabisa, umenyooka, hata mmoja haukuruka! Nikarudi kwenye krimplini: tok, tok, ukaruka. Nilikaa pale nikitazama vitambaa viwili kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

Mimi siwezi kuacha kitu kikiwa na kasoro, huo ndio ugonjwa wangu, kwa hiyo popote paliporuka nilirudia, na paliporuka tena nikarudia tena, hadi ubavu mmoja ukawa na mistari minne ya uzi imelaliana. Kwa nje ulionekana imara kuliko mshono wowote niliowahi kushona. Nikaupiga pasi, nikalala nikiwa na furaha.

Jumamosi ikafika. Baraza ilifagiliwa kwa ajili ya wageni, cherehani ikaingizwa chumbani kwa Mama Njeri, nami nikaalikwa kama mtu wa nyumbani, nikasimama karibu na bomba la maji nikiwa na shati jeupe. Wageni wakafika wakiimba. Geti la mabati lilikuwa limefungwa, na wanawake wa ndani, badala ya kufungua, wakaanza kuimba pia, wakiwajibu. Mimi Kikuyu sikijui, nikadhani kuna ugomvi. Mpangaji mmoja akanicheka: "Ni desturi yao, bwana. Wale wanaomba kufunguliwa, hawa wanajifanya hawawajui. Watafungua tu, usiogope."

Mama Njeri akatoka mbele ya wanawake wote, zambarau yake ikimshika pale na kumwachia pale, na moyo wangu ukavimba. Akainua mikono yote miwili juu, akapiga kigelegele, akazunguka.

Trrrr.

Ubavu wote, kutoka kwapani hadi kiunoni, ukafunguka kama ganda la njegere, na shimizi nyeupe ikaonekana na kila mtu aliyekuwa uani. Kigelegele kikakatika katikati. Wanawake wakamzunguka kwa leso, wakamrudisha chumbani kama wanaobeba mgonjwa, na nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ile ya kufika barabarani.

Nilipoingia nilimkuta ameketi kitandani amejifunga leso, nguo iko mikononi mwa mdogo wake, Wanja, dada mwembamba asiyesema sana, ambaye alikuwa akishona mashati katika kiwanda kimoja kule Industrial Area.

"Shona," Mama Njeri akasema. Neno moja tu.

Nikakaa, nikakanyaga. Tok, tok, tok. Ukaruka. Nikakaza uzi, ukaruka. Nikalegeza, ukaruka. Nikaona labda mashine imekauka, nikatia mafuta, na tone likaanguka juu ya zambarau, nikalipangusa haraka, likawa doa la ukubwa wa kiganja.

Nje nyimbo zilikuwa zimeanza kuchoka. Jirani mmoja akachungulia mlangoni. "Wanauliza mbona hatufungui. Wanadhani tunataka waongeze. Wamerusha blanketi mbili juu ya geti."

"Waambie wangoje," Wanja akasema.

"Lakini kwenye pamba inashona vizuri!" nikalia, nikavuta foronya ya pamba iliyokuwa kitandani nikaishona kuwaonyesha, mdomo wake wote kutoka pembe hadi pembe, mshono mzuri ajabu, na nilipomaliza nikainyanyua juu ili waone. Nilikuwa nimeziba foronya ya mwenye nyumba, mto ukiwa ndani.

Yule jirani akarudi. "Wameongeza kreti ya soda. Na baba ya kijana anasema kama hatuwataki, wataenda."

"Waende?" Mama Njeri akasimama, leso ikateleza, akaishika. "Njeri wangu aachwe getini kwa sababu ya ubavu wangu?"

Hapo ndipo Wanja alipoinama akanisukuma kando, akalegeza skrubu, akaitoa ile sindano akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni ya lini?"

Nikajibu, na Mungu ananisikia, nilijibu kwa fahari kidogo: "Ina miezi kumi na moja. Haijawahi kuvunjika."

Wanja aliinua mguu juu ya kiti, akapitisha ncha ya sindano juu ya soksi yake ya nailoni, polepole, na sindano ikanasa, ikavuta uzi, na mstari ukakimbia kwenye soksi kutoka gotini hadi kisigino.

"Umeona? Inapaswa kupita katikati ya nyuzi. Hii inazikata. Pamba inavumilia, krimplini haivumilii. Umenoa na jiwe?"

"Nilinoa."

"Haiya! Wafula, sisi kiwandani tunabadilisha kila asubuhi, ivunjike isivunjike. Na kila ukirudia pale pale ulikuwa unatoboa tu. Umemshonea dada yangu vitundu kama vya stampu, mtu avute, ichanike. Lete mpya."

Sikuwa nayo. Fundi ambaye sindano yake haivunjiki atanunua nyingine ya nini?

Basi Wanja akatoa sindano ya mkono kwenye kola ya blauzi yake, akamvisha dada yake nguo, akamwambia asimame wima, akamshonea humo ndani ya nguo. Ndani yake kabisa, nguo na shimizi pamoja, huku Mama Njeri akiguna kila alipodungwa na akinitazama mimi. Geti likafunguliwa. Wageni wakaingia, na mama wa bi harusi akawapokea mikono ikiwa imebana mbavuni kama askari kwenye gwaride, kiganja kimoja kikifunika doa la mafuta, hakucheza, hakuinua hata bilauri juu ya kidevu. Mimi nilikaa nyuma ya tangi la maji hadi walipoondoka. Niliambiwa baadaye kwamba ilibidi akatwe kwa makasi ili aweze kuivua.

Jumatatu asubuhi nikaanza kufungua cherehani kutoka kwenye meza yake. Nilikuwa nimeshaandika barua kwa baba kichwani. Mama Njeri akatoka na sufuria ya chai, akasimama.

"Unaenda wapi na hiyo mashine?"

"Mama, ulisema siku nitakayokuaibisha..."

"Nilisema." Akamimina chai, akanipa kikombe. "Na umeniaibisha, hiyo siwezi kukataa, ploti nzima imeona shimizi yangu. Lakini wale watu wamerudi kwao wakisema mama ya msichana ni mtu wa heshima, asiyetupa mikono ovyo. Na baba ya kijana ameomba harusi ifanywe mapema zaidi. Sasa nikufukuze, harusini nitavaa nini?" Akanywa kidogo. "Utanishonea nyingine. Ila sindano utaitoa kwenye pakiti mimi nikiwa nimesimama hapa. Na foronya yangu utaifumua leo."

Niliifumua, na ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu ule mshono ulikuwa imara kweli.

Siku hizi sindano naibadilisha kila ninapomaliza nguo mbili tatu, na kabla ya kugusa kitambaa cha kuvutika naweka mpya hata kama ya zamani inang'aa. Jiwe la kunolea nimempa mwenye bucha. Na mafundi wenzangu nimeacha kuwauliza wamevunja ngapi.